Naomba ushauri: mguu bandia unamkaa vizuri, ila anauficha

Habari zenu wanakikundi. Nawaomba hasa mnaohudumia waliokatwa viungo.

Kijana wa miaka 26, amekatwa mguu chini ya goti, huu ni mwezi wa 7 tangu akatwe. Mguu bandia hausumbui. Kigutu kikisinyaa jioni anaongeza soksi moja, haulegei. Maumivu ya mguu usiokuwepo yamepungua kwa zoezi la kioo (anatazama kiooni taswira ya mguu mzima ukisogea), dakika 15 kila siku.

Kinachonishinda ni anavyojisema. Mgeni akibisha hodi, anavuta khanga na kuufunika. "Mimi mzigo tu." Dodoso la PHQ-9 (la kupima dalili za sonona; alama zikipanda, hali ni mbaya zaidi) lilitoa 11 mwezi uliopita, juzi 13. Swali la 9, la kutamani kufa, bado ni 0, na huwa namuuliza pia kwa mdomo. "Shukuru uko hai" ya ndugu zake ndiyo ilimfunga mdomo kabisa (wanamaanisha mema, lakini basi). Nikampa zoezi la barua: amwandikie rafiki aliyekatwa mguu. Aliandika vizuri mno; nilipomwambia abadilishe jina aweke lake, ajiambie maneno yaleyale, akagoma.

Je, kuna hatua ndogo kati ya barua ya rafiki na yake mwenyewe? Na kumkutanisha na mwenye mguu bandia aliyezoea, nifanye sasa au nisubiri alama zishuke chini ya 10?