Ufaransa, Ubelgiji ama Ujerumani: wapi serikali inasaidia mwanafunzi asiye raia?

Dada_wa_Himbi (Goma)
Jambo ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike amepata diploma ya Eta, ile ya kumaliza sekondari, na asilimia 66, tena kwa biokemia. Tunataka aende kusoma Ulaya. Tuna watu Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, lakini feza tuliyo nayo inatosha dosye moja tu. Nasikia huko serikali inawapa wanafunzi pesa kila mwezi. Kati ya hizo nchi tatu, ni wapi mgeni anapata huo msaada bila shida nyingi? Tunapaswa kuamua mbele ya mwisho wa mwezi.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Dada, huwezi kupata jibu hapo. Mdogo wako ana miaka mingapi? "Tuna watu" ni nani: mzazi, mjomba, jirani wa zamani? Hao watu wana karatasi gani? Na yeye mwenyewe ataingia kwa viza gani? Usiposema, kila mmoja hapa atakujibu kuhusu mtoto wa nyumbani kwake.

Kampemba_Juu (Lubumbashi)
Mimi nasema aache Ulaya, aombe China. Bursi ya serikali ya China inalipa masomo, inatoa chumba, na yuan 2,500 kila mwezi kwa anayeanza lisansi (digrii ya kwanza), 3,000 kwa masta. Hawakuulizi wewe ni raia, kwa sababu imetengenezwa kwa wageni. Kaka yangu alimaliza uhandisi wa migodi kwa njia hiyo, leo anafanya kazi Kolwezi.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Kampemba, umegusa jambo kubwa hata kama hukulitaja. Kuna milango miwili, na watu wanaichanganya. Mmoja ni bursi ya wageni: ya China, Eiffel ya Ufaransa, DAAD ya Ujerumani, ARES ya Ubelgiji. Hapo unashindana na wengine. Na si yote inamfaa aliyetoka sekondari leo: Eiffel ni ya masta na doktora, tena chuo ndicho kinapeleka jina lako, si wewe. ARES inataka uwe umeshapata diploma ya chuo na umefanya kazi. Mlango wa pili ni msaada ambao serikali inawapa wanafunzi wanaoishi kwake. Huo hauangalii asilimia wala umaskini kwanza. Unaangalia karatasi ya kukaa.

Mama_wa_Nguba (Bukavu)
Nataka niandike kwa urefu, kwa sababu jambo hili limetuumiza.

Mwaka 2023 mtu mmoja hapa mjini alituambia kwamba Ujerumani kuna msaada wa serikali unaoitwa BAföG, nusu zawadi, nusu mkopo usio na riba. Hiyo ni kweli, upo. Akasema kijana wetu ataingia kwa viza ya masomo, akifika anajaza fomu, mwezi wa pili anaanza kupokea. Alituonyesha hata fomu zenyewe, zimechapishwa kwa Kijerumani. Tulimpa dola 650. Tulikuwa tumeuza kiwanja cha Panzi. Na kwa kuwa alisema Septemba kijana atakuwa ameondoka, hatukumwandikisha chuo hapa.

Ndugu wa mume wangu anayeishi huko ndiye alikwenda kuuliza kwenye ofisi yao. Jibu lilichukua dakika tano: aliyeingia kwa kibali cha masomo hapewi BAföG. Wanaopewa ni raia, wakimbizi waliotambuliwa, na wengine wenye vibali vya kukaa vilivyotajwa kwenye sheria yao. Mjomba kuishi pale si kitu, mjomba hahesabiwi. Na zaidi ya hapo, ili upate viza yenyewe unapaswa kuonyesha konti iliyofungwa, ile unayotoa kidogo kidogo kila mwezi, yenye pesa za mwaka mzima. Wakati ule ilikuwa euro 11,208. Sasa imefika 11,904. Yule mtu hakuwa ametutajia hata siku moja.

Kijana alipoteza mwaka. Pesa hatukurudishiwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tungeuliza swali moja tu mwanzoni: huu msaada ni wa mwenye karatasi gani?

Dada_wa_Himbi (Goma)
Pole sana mama. Aksanti kwa kutuambia. Basi najibu: ana miaka 18, anafikisha 19 mwezi wa kumi na moja. Mjomba yuko Köln, shangazi yuko Liège. Ufaransa ni mama yetu mwenyewe, yuko Lyon tangu 2021, alipewa ukimbizi.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Mama mzazi! Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Acha Köln, acha Liège.

Ziwa_Kivu243 (Goma, kwa sasa Grenoble)
Mimi nimepita njia hiyo, nitasema ninayoyajua.

Mkimbizi aliyetambuliwa Ufaransa ana haki ya kuunganisha familia. Kwa watoto, ombi la viza linapaswa kuwekwa mtoto hajapita siku yake ya kuzaliwa ya 19. Mwezi wa kumi na moja si mbali! Msianze na viza ya masomo kwa sababu tu inaonekana ya haraka. Akiingia kama mwanafunzi, anahesabiwa mgeni aliyekuja kusoma: malipo ya chuo cha serikali kwa lisansi yanaweza kuwa euro 2,895 kwa mwaka (hiyo ni ya 2025-2026), wakati wengine wanalipa 178. Na bursi ya kijamii ya Crous, ofisi ya serikali inayohudumia wanafunzi, hapati.

Akiingia kama mtoto wa mkimbizi, kibali chake ni kingine kabisa. Hiyo bursi ya Crous inaanzia euro 1,454 mpaka 6,335 kwa mwaka, inagawanywa mara kumi, na umri usipite 28 unapoomba mara ya kwanza. Dosye inajazwa kwa intaneti kuanzia Machi 1 mpaka Mei 31, kwa masomo ya Septemba. Wengi wanangoja wapate chuo kwanza, na hapo tarehe imeshapita.

Kampemba_Juu (Lubumbashi)
Sasa akifika tu anapata?

Ziwa_Kivu243 (Goma, kwa sasa Grenoble)
Hapo ndipo penye ugumu. Ukiwa wewe mwenyewe mkimbizi uliyetambuliwa, hawakudai miaka. Ukiwa na kibali cha kukaa tu, wanadai uwe unaishi Ufaransa miaka miwili, na mzazi awe anatangaza mapato kwa ofisi ya kodi ya kule miaka miwili. Mama yenu huenda ameshatimiza upande wake. Mtoto bado.

Muhungu_Salama (Bukavu)
Sikubaliani. Binamu yangu alifika na miaka 16, akapata bursi alipoingia chuo, hakungoja kitu.

Ziwa_Kivu243 (Goma, kwa sasa Grenoble)
Kwa sababu alifika na 16! Alisoma lise, yaani sekondari, miaka miwili, miaka ikatimia. Tena aliyefika akiwa chini ya 18 anaweza kupewa ukimbizi wa mzazi wake. Huyu atafika na 19.

Muhungu_Salama (Bukavu)
Basi miaka miwili atakula nini? Ndiyo maana nasema abaki aanze UNIGOM, chuo kikuu cha Goma, asome miaka yake, aombe bursi ya masta baadaye. Tunasukuma watoto kwenda kungoja huko, wakati hapa wangekuwa wanasoma.

Birere_Mpakani (Goma)
Muhungu, wewe unajua hali yetu hapa. Benki zilifungwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, hata minerval (ada ya chuo) kulipa ikawa ni kuvuka kwenda Gisenyi ama kutafuta mtu wa kutuma kwa simu. Mtoto mwenye mama Lyon, umwambie abaki? Mimi siwezi.

Muhungu_Salama (Bukavu)
Na Bukavu ni hivyo hivyo, ndugu. Bado watu wanasoma. Sitaki tuseme kama vile masomo ya hapa yamekufa.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)
Nimefundisha miaka mingi, sitasema yamekufa. Lakini tarehe ya kuzaliwa haingoji. Chuo cha hapa ataweza kukirudia akiwa na 20. Ule mlango wa 19 haurudi.

Katuba_Mzee (Lubumbashi)
Na Tanzania ama Kenya? Ni karibu, lugha wanajua.

Ziwa_Kivu243 (Goma, kwa sasa Grenoble)
HESLB ya Tanzania inakopesha Watanzania, HELB ya Kenya inakopesha Wakenya. Mkongomani analipa mwenyewe. Kwa ndugu zetu walio kambini, kwa mfano Nakivale kule Uganda, kuna bursi ya DAFI ya UNHCR, ambayo Ujerumani imeiwekea pesa tangu 1992. Hiyo ni ya wakimbizi kwa lisansi, ninawaomba mwambie vijana wa kule.

Kuhusu miaka miwili: Crous wana msaada wa mara moja kwa mwanafunzi aliyekwama, chini ya miaka 35, hata mgeni anaweza kuuomba. Unapitia kwa mhudumu wa jamii wa Crous. Si mshahara, lakini mimi ulinilipia kodi ya chumba ya Februari. Na mama yenu atangaze mapato yake kwa ofisi ya kodi kila mwaka, hata kama ni sifuri. Bursi wanapima kwa mapato ya miaka miwili nyuma. Asipokuwa na ile karatasi ya kodi, dosye inasimama.

Mama_wa_Nguba (Bukavu)
Na msimpe mtu pesa ya kujaza. Mtoto mwenyewe ajaze, mama akiwa kwenye simu.

Dada_wa_Himbi (Goma)
Aksanti ninyi wote. Nimeongea na mama usiku huu. Hakumbuki kama ni ukimbizi kamili ama ule ulinzi mwingine, kibali chake kimeandikwa miaka minne. Anatafuta barua ya OFPRA, ofisi ya Ufaransa inayotoa ukimbizi. Mdogo wangu bado anapenda Köln, anasema ameshaanza kujifunza Kijerumani.

Ziwa_Kivu243 (Goma, kwa sasa Grenoble)
Miaka minne inafanana na ulinzi wa ziada. Haki ya kuunganisha familia ipo hapo pia, msiogope. Lakini atafute hiyo barua. Na Kijerumani aendelee nacho, hakipotei.

Birere_Mpakani (Goma)
Swali moja dada. Cheti chake cha kuzaliwa kilitoka wakati alipozaliwa, ama mlikitengeneza baadaye kwa hukumu ya tribinali? Na mama alipotoa majina ya watoto kule OFPRA, tarehe aliyosema inalingana na ya diploma? Kwa dada yangu ilipishana siku tatu, tukakataliwa viza.

Dada_wa_Himbi (Goma)
Ngoja niangalie diploma.