Klauni jike anamtesa dume wake: nimuache, nimtie kwenye boksi, nigawe tangi au nimuondoe mmoja?

maji_chumvi
Wakuu habari za saa hizi. Naomba wenye uzoefu mnisaidie maana kichwa kinaniuma. Nina samaki wawili wa baharini, klauni aina ya oselarisi, hawa wa kawaida wa rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe, tangi lita 120, wamekaa pamoja miezi minane bila fujo yoyote mpaka nikawa nawasifia kwa watu. Sasa wiki mbili hizi jike kabadilika kabisa, anamfukuza dume kutwa nzima, akisogea kula anafukuzwa, akienda kulala kwenye anemoni (yule mnyama wa baharini mwenye minyiri, ndiyo nyumba yao) anafukuzwa, juzi nikaona pezi la mkia limechanika kama karatasi iliyotafunwa na panya. Leo asubuhi nimemkuta kajibanza kona ya juu nyuma ya hita, anahema haraka haraka.

Jike ana kama sm 7, dume sm 4 na kidogo. Maji nimepima, amonia sifuri, naitraiti sifuri, chumvi 1.025, joto 26. Anemoni niliiweka mwezi uliopita.

Naona njia nne: niwaache wamalizane wenyewe, au nimtie mmoja kwenye boksi la plastiki lenye matundu linaloning'inia humo humo tangini, au nigawe tangi katikati, au nimuondoe mmoja nitafute mwingine. Ungekuwa wewe ungeanza na ipi? Na msiniambie "inategemea" jamani.

PeziJeupe
Inategemea 😂 samahani mkuu imenitoka. Ila kuna kitu hujakisema na ndicho kinachoamua yote: dume akifuatwa anafanya nini? Anatetemeka au anakimbia tu?

Kaa mbele ya kioo nusu saa uangalie. Dume aliyekubali kwamba jike ndiye bosi, akifikiwa anajilaza ubavu kidogo halafu mwili mzima unatikisika kama kapigwa shoti ya umeme, sekunde mbili tatu, jike anamdonoa kidogo au anampita tu, basi, imeisha. Hiyo ndiyo shikamoo yao. Ukiona shikamoo inatolewa na inaitikiwa, hata kama kuna kufukuzana kwingi usiguse kitu. Shida ni pale inatolewa na haiitikiwi, au haitolewi kabisa.

Na kwa wanaosoma ambao ni wageni: klauni wote huanza bila kuwa jike, mkubwa kuliko wote ndiye anageuka jike, anayemfuata ndiye dume, waliobaki wanasubiri foleni. Jike akifa dume anapanda cheo anakuwa jike, ila jike harudi kuwa dume hata umfanyeje. Kwa hiyo ubabe wa jike si tabia mbaya, ndio unaomfanya dume abaki dume.

BabaMatumbawe
Namba moja. Waache. Watu tunaingilia sana mambo ya samaki. Mimi wangu walipigana karibu wiki tatu, mapezi yamechanika, mke wangu akawa ananiambia wewe huna huruma, nikasubiri, mpaka leo wanalala kwenye kona moja na wanataga. Pezi linaota upya mkuu, usipaniki. Ukianza kutoa huyu kurudisha yule ndio unavuruga cheo chao kila mara wanaanza mwanzo.

mama_wawili
Baba Matumbawe na heshima yako, lakini ushauri wako mimi niliufuata na nikaamka nikamkuta mmoja yuko chini ya mchanga kaliwa macho na kamba. Na mimi niliambiwa hivi hivi, "pezi linaota". Pezi linaota kwa samaki anayekula! Huyu wa ndugu yetu kasema hata chakula anafukuzwa, yuko nyuma ya hita anahema. Huyo hayuko kwenye kujifunza nidhamu tena, huyo anakufa pole pole, na akishakuwa dhaifu magonjwa yaliyokuwa yanasubiri tu yanamparamia.

Wangu baadaye nilikuja kuelewa walikuwa majike wawili. Niliwanunua wote wakubwa, wamelingana, kila mmoja alikuwa anakaa peke yake huko alikotoka, na klauni akikaa peke yake muda mrefu anageuka jike mwenyewe. Siku ya mwisho waliumana midomo, yaani taya kwa taya, wakawa wanazunguka kama kitu kimoja mpaka wakadondoka kwenye mchanga bila kuachiana. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuna shikamoo pale. Ukiona midomo imeshikana, usiulize mtu, toa mmoja siku hiyo hiyo.

BabaMatumbawe
Sawa dada, majike wawili ni habari nyingine, hapo sibishi. Lakini wake wana sm 7 na sm 4, hao hawawezi kuwa majike wawili waliokaa miezi minane. Na mimi sikusema awaache hata kama dume hali chakula.

FundiSampu
Ngoja nilinganishe kidogo maana njia zote nne nimeshazipitia, nyingine kwa ujinga wangu.

Kuwaacha ni nzuri kuliko zote kama dume anakula, anahema kawaida na kuna shikamoo. Wako hakidhi hata sharti la kwanza, kwa hiyo kwa leo hiyo tuiweke pembeni.

Boksi ndiyo ningeanza nayo, lakini hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanamtia kwenye boksi yule anayepigwa, kwa huruma. Kweli anapumzika, lakini jike anabaki nje na eneo lote ni lake, anemoni yake, mwamba wake, siku dume akitoka ni kama mgeni kaingia nyumba ya mtu bila hodi. Afungwe mkorofi. Jike akae ndani ya boksi siku nne, tano, hadi wiki, dume abaki nje atembee, ale ashibe, aingie hata kwenye anemoni akitaka. Jike anaona yote kupitia matundu na hana la kufanya. Akitoka anakuta tangi si lile alilolijua, hasa kama siku ya kumtoa utahamisha na mawe mawili matatu. Kama huna boksi maalumu, kikapu cha plastiki cha jikoni chenye matundu, kipya ambacho hakijagusa sabuni, kinafanya kazi ile ile, kibane kwenye ukingo wa kioo mahali maji yanapopita vizuri na ukifunike juu. Wanaruka hawa.

Kosa ambalo mimi nililifanya: nilimpeleka jike kwenye sampu, lile tangi la pili la chini la kuchujia maji. Wiki mbili hawaonani. Nilipomrudisha alimshambulia dume kama hajawahi kumuona duniani. Waonane, hilo ni la lazima.

Kugawa tangi kwa kizuizi chenye matundu ni kwa wale wanaohitaji wiki nyingi, mfano unamzoesha mgeni. Lita 120 ukigawa kila mmoja anabaki na chumba kidogo, hita iko upande mmoja, pampu upande mwingine, na lazima uamue anemoni inaenda kwa nani, mimi iliniudhi nikaitoa siku ya tatu.

Kumuondoa mmoja ni mwisho. Na ukifika huko usilete mkubwa, leta mdogo kabisa kuliko unayebaki naye. Ukibaki na jike leta kinda. Ukibaki na dume leta kinda pia, huyo dume atageuka jike kwa muda wake, kinda atakuwa dume, umemaliza.

kijana_wa_mwamba
mi naona muwekee kioo cha kujitazamia nje ya tangi jike apigane na picha yake achoke 😅 au ongeza klauni wa tatu hasira zigawanyike kwa wawili, mbona baharini wanakaa wengi kwenye anemoni moja

PeziJeupe
Kioo kinamshughulisha dakika kumi, ukikitoa anarudi kwa dume na hasira zake zote. Na huyo wa tatu tafadhali usimshauri mtu, utakuwa umeleta maiti. Baharini wanakaa wengi kweli lakini kwa foleni ya ukubwa, na anayekaribia kumlingana aliye juu yake anafukuzwa. Peter Buston alichapisha utafiti mwaka 2003 kwenye jarida la Nature kuhusu pakula (hawa ndugu wa oselarisi) akionesha kwamba wadogo wanajibana wasikue sana ili wasigombane na wa juu yao. Samaki anajinyima kukua ili aishi! Sasa kwenye lita 120 anayefukuzwa ataenda wapi? Nyuma ya hita.

MarooniMmoja
Naongeza la kwangu haraka. Mimi nafuga marooni, klauni wa aina nyingine, wale wenye mwiba shavuni. Kwa marooni usijaribu hata siku moja kuacha wamalizane, jike ni mkubwa mara mbili ya dume na ule mwiba si pambo. Oselarisi wana afadhali sana. Nasema tu kwa atakayesoma uzi huu akiwa na aina nyingine asibebe ushauri jumla jumla.

maji_chumvi
Asanteni wote aisee. Nimekaa jana usiku na leo nimeangalia kama mlivyosema. Dume anatetemeka kweli, nimemuona mara nne, ila jike haitikii, anapita kwa nguvu anamdonoa pale pale kwenye mkia. Jingine, jike tumbo limejaa na anakwangua mwamba mmoja kwa mdomo, ule ulio chini ya anemoni, anakwangua kama anasafisha sufuria. Hii ina maana gani?

PeziJeupe
Heee mkuu hiyo ungeisema mwanzo. Anajiandaa kutaga! Anemoni mpya, kapata nyumba, sasa anataka mayai, na kipindi hicho ukali unapanda hata kwa wanaopendana. Kawaida dume naye anasafisha huo mwamba, akitaga dume ndiye analea, anapepea mayai kwa mapezi mpaka yaanguliwe, siku 6 hadi 10 hivi kutegemea joto. Wakati huo hata mkono wako ukiingia tangini utaumwa.

Hapo nageuka kidogo niwe upande wa BabaMatumbawe. Kuna uwezekano anamsukuma dume aje kazini na dume bado mdogo haelewi.

mama_wawili
Anamsukuma kazini kwa kumchana mkia? Jamani. Mayai atataga tena hata mwezi ujao, dume akifa atataga na nani? Boksi kwanza.

FundiSampu
Niko na mama. Kama angekuwa anakula ningesema subiri. Anemoni yenyewe ni kubwa kiasi gani? Ndogo inamtosha jike peke yake, dume akisogea anaonekana mwizi.

BabaMatumbawe
Haya boksi, nimeshindwa kwa kura 😂 ila siku tatu tu zinatosha.

maji_chumvi
Anemoni ni kama kiganja changu, ndogo kweli. Naanza leo.

maji_chumvi
Wakuu narudi na mrejesho, leo siku ya 11.

Kumkamata jike kulinichukua saa nzima, alinizungusha mpaka nikatoa nusu ya mawe, na nyavu mbili ndio zilimaliza kazi. Siku ya kwanza dume hakuamini, alibaki nyuma ya hita vile vile. Siku ya pili akatoka akala, kwa mara ya kwanza nilimuona tumbo lina umbo. Jike ndani ya boksi akawa anagonga plastiki kwa pua, tena na tena, nikawa naona hata aibu kumtazama.

Siku ya nne ndio kitu ambacho sikukitegemea. Dume alikwenda mwenyewe mpaka kwenye boksi, akajilaza ubavu mbele ya matundu, akatetemeka. Jike akasimama. Hakugonga. Nilimuita mke wangu aje aone, alipofika imeshaisha lakini baada ya dakika kumi dume akarudia.

Nilimtoa siku ya sita usiku taa zimezimwa, mawe nimeshayapanga upya (ule aliokuwa anakwangua nimeuacha pale pale). Asubuhi alimfukuza mara mbili, dume akatoa shikamoo, na safari hii ikaitikiwa, kamdonoa ubavuni kidogo akaenda zake. Mpaka leo anafukuzwa wakati wa kula kwa hiyo naweka chakula pande mbili kwa wakati mmoja. Kwenye anemoni hajaruhusiwa katikati, analala pembeni, nusu mwili nje. Mkia umeanza kuota, ile sehemu mpya inaonekana kama nailoni. Jana wote wawili walikuwa kwenye ule mwamba wanakwangua.

mama_wawili
Alhamdulillah. Huyo wa pembeni ataingia tu.

BabaMatumbawe
Siku sita badala ya tatu, lakini nimefurahi mkuu. Boksi umelitoa?

maji_chumvi
Bado linaning'inia pale pale tupu na mlango wazi, limeshaanza kuota mwani na konokono wawili wamehamia.