Vidoti vya kokoto na mchirizi kwenye IST: nijirekebishie nyumbani au nipeleke gereji?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu. Nina Toyota IST ya silva, ya 2008, naitunza kama yai tangu siku niliyoitoa bandarini. Mwezi uliopita nilikwenda Dodoma, na baada ya Morogoro nikakaa nyuma ya lori la kokoto lisilo na turubai. Kufika, boneti ina vidoti saba, na viwili vimefika hadi kwenye bati. Wiki iliyofuata bodaboda akanipitia karibu kwenye foleni Ubungo, akaniachia mchirizi mrefu mlango wa nyuma kushoto. Na bampa ya mbele ina mchubuko mweupe niliokwangua getini.

Fundi wa karibu na kwangu kaangalia dakika mbili, akasema dawa ni kupuliza boneti yote, mlango wote na bampa yote, laki sita na nusu. Hela hiyo sina, na roho inaniuma kufuta rangi ya kiwandani kwa ajili ya vidoti saba. Nimeona vile vichupa vya tachapu, rangi ya kuziba vidoti, vyenye brashi kama ya rangi ya kucha. Vinasaidia kweli? Mimi ni mwanamke, gereji nyingi wakiniona wanaona hela. Naombeni ushauri wa kweli.

Fundi Rangi wa Tabata

Pole sana dada yangu. Hayo ni majeraha matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, usikubali yafungwe kwenye bei moja.

Osha gari, likauke, halafu pitisha ukucha kwa kukatisha mchirizi wa mlangoni. Ukucha ukiteleza, aliyeumia ni klia tu, ile ya juu inayong'aa. Hapo huhitaji tone la rangi. Kompaundi kidogo (dawa ya kung'arishia rangi), kitambaa laini na mkono wenye subira. Ukucha ukikwama, mchirizi umeshafika kwenye rangi. Na usisugue kwa hasira: rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima ya chini kabisa mpaka klia, ina unene wa kama moja ya kumi ya milimita.

Bampa nayo anza na kompaundi. Mara nyingi ule weupe ni rangi ya geti imehamia kwako. Watu wanakimbilia thina, na kama bampa iliwahi kupulizwa mtaani, thina itaondoka na rangi yote.

Mkazi wa Kigamboni

Dada, vile viwili vya bati usivilaze. Mimi kimoja kama punje ya dengu nilikiacha msimu mmoja wa mvua, nikisema nitashughulikia nikipata nafasi. Rangi ikaanza kuvimba pembeni yake. Siku nimebonyeza kwa kidole ikapasuka kama ganda la karanga, chini kuna kutu ya kahawia yenye upana wa sarafu. Huku kwetu upepo wa bahari haukusubiri. Kama hata rangi hujapata, leo hii paka nta au grisi kidogo uzuie maji.

Dereva wa Nyanda za Juu

Kabla ya kununua chochote tafuta namba ya rangi. Silva za Toyota ziko nyingi, na ya jirani yako siyo yako. Fungua boneti uangalie kibati ukutani mwa injini, au nguzo ya mlango wa dereva. Palipoandikwa C/TR au COLOR, herufi za kwanza ndiyo rangi.

Mwanzisha uzi

Nimeiona, 1F7. Ukucha umekwama kwenye mchirizi, kama nusu yake hivi.

Kijana wa Arusha

Chukua kopo la kupuliza, elekeza mlangoni, nusu saa umemaliza.

Fundi Rangi wa Tabata

Mdogo wangu, hapana. Klia nyingi za kopo hazina hadina, ile dawa ya kuzigandisha, tone la petroli tu linazilainisha. Na ukipuliza katikati ya mlango, ule mpaka wa rangi utauona kila asubuhi.

Dada, 1F7 ni metaliki, yaani ina chembe za kung'aa ndani yake. Maduka ya rangi za magari kule Gerezani watakuchanganyia kwa namba hiyo. Chembe zake zinatuama chini, kwa hiyo tikisa kichupa dakika mbili nzima, la sivyo utapaka maji ya kijivu. Na nakwambia mapema: ikipakwa kwa brashi inaonekana nyeusi kidogo kuliko iliyopulizwa, kwa sababu chembe hazilali sawa. Kwenye kidoti jicho halioni. Kwenye mchirizi mrefu linaona.

Fanya kivulini, boneti ikiwa ya baridi. Futa kwa spiriti kuondoa nta. Vile viwili vya bati, gundisha kipande cha msasa kwenye kitako cha penseli, zungusha taratibu mpaka bati ing'ae, kisha praima. Ile brashi ya kichupa iache, ni nene mno. Chukua kijiti cha meno, chovya, gusa katikati ya shimo tu, rangi itajitandaza yenyewe hadi ukingoni. Subiri kama saa moja, rudia. Inanywea ikikauka, kwa hiyo mara mbili au tatu. Kesho yake klia, ibaki imeinuka kidogo kama chunusi. Baada ya wiki, msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, sabuni nyingi, kisha kompaundi.

Mwanzisha uzi

MREJESHO wakuu. Bampa imetoka yote kwa kompaundi, nilikaribia kulia. Vidoti sita vimejificha, hata mume wangu kavitafuta kavikosa. Cha saba nilijaza rangi nyingi kwa pupa, ikamwagika pembeni. Nikaifuta ikiwa mbichi, nikarudia siku ya pili. Vile viwili vilikuwa vimeshaanza kutu nyembamba, nashukuru sana mkazi wa Kigamboni.

Mlango, ile nusu iliyoteleza imepotea. Nusu nyingine nimepaka ili maji yasiingie, ila jua la asubuhi linaonyesha mstari mweusi. Huo mlango nitautafutia hela yake, peke yake. Kichupa kimebaki zaidi ya nusu, nakitunzaje?

Fundi Rangi wa Tabata

Hongera dada. Futa mdomo wa chupa kwanza ndipo ufunge, la sivyo kifuniko kitaganda. Kiweke kabatini, usikiache ndani ya gari juani. Andika 1F7 juu yake. Na ukiwa tayari kwa mlango, muulize fundi atamalizia klia wapi. Akikwambia anaishia katikati ya mlango, tafuta mwingine.