Kanisa kuukuu lililokulea: tupeane uzoefu

Mwana wa Kisauni: Jana kwenye matatu kondakta kaita "Kengeleni!", kijana kando yangu akauliza, kwani kengele yenyewe iko wapi? Nikamwonyesha. Ni ile ya Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa na CMS, misheni ya Kianglikana, mwaka 1875. Ilipigwa pia kuwaonya watu wavamizi wakija. Mie nimebatizwa hapo Emmanuel. Nanyi mmelelewa na kanisa gani la zamani?

Mjukuu wa Rabai: Yote yalianzia kwetu. Wamisionari Krapf na Rebmann, Rabai, 1846.

Mzee Nyali: Krapf aliingia Mombasa 1844, mwanangu. Mkewe Rosina alifariki mwaka uo huo, na kaburi lake liko ng'ambo hii ya Nyali. Rabai ilifuata.

Mjukuu wa Rabai: Kaburi si kanisa, mzee wangu.

Mpresbiteri: Sisi misheni yetu, ya Waskoti, ilianzia Kibwezi 1891. Malaria ikawamaliza watu, wakahamia Kikuyu 1898. Jina la hapo, Thogoto, ni "Scot" hiyo, kwa matamshi ya Wakikuyu.

Mama Kwaya: Jamani, mmenigusa. Letu silitaji jina. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimejengwa kwa chokaa. Kamati ikaona zimechakaa, ikaleta fundi akazipiga plasta ya simiti, ndani na nje. Ziling'aa, tukashangilia. Masika ya pili, mwezi wa Mei, tuko kwenye mazoezi, sauti ya tatu ndiyo kwanza inaingia, nikasikia kitu kinachanika kama kanga. Pande la plasta, upana wa mlango, likaanguka juu ya kinanda. Mpigaji alikuwa ameinuka kuchukua maji, hatua tatu tu. Nyuma yake ukuta ulikuwa mbichi, unatoka unga mweupe. Simiti ilikuwa imefungia unyevu ndani, mawe hayapumui. Nililia, si kwa kinanda. Babu yangu alibeba mawe yale.

Binti Likoni: Pole mama. Kwetu vilevile.

Fundi Changamwe: Simiti haina kosa, mchanga ulikuwa wa pwani, una chumvi. Bandueni, mpige upya.

Mzee Nyali: Usimpoteze mwenzio! Chokaa iliyolowekwa miezi, basi.

Mpresbiteri: Na mzibe paa kwanza.

Mama Kwaya: Ukuta wa kaskazini ungali wazi. Ukipitisha kidole, chumvi inabaki ukuchani. Mwashi wa chokaa nampata wapi? Wetu alifariki, na hakumfunza mtu.