Boti ya faiba ya mita 10.5 ya kwenda Fungu Kizimkazi na Mafia: injini mbili au tatu, na mafuta kiasi gani?

Kusi_Msasani

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wavuvi wenzangu. Nakusudia kujengewa boti ya faiba ya mita 10.5 kwa ajili ya kuvua jodari, nguru na nduaro, nikitokea Dar es Salaam hadi Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kitupu ambacho ramani za baharini hukiandika Latham, na mara mojamoja hadi Kilindoni, Mafia. Ya kwanza ni takriban maili 40 za baharini kwenda tu, na ya pili inakaribia 75. Mjenzi ananishauri nifunge injini tatu za nje za petroli, kila moja ya nguvu za farasi 300, ili boti ifike noti 50 (yaani maili 50 za baharini kwa saa), na tangi moja la lita 500. Umbo la chini analopendekeza ni la V kali, ubavu ukiinuka kwa pembe ya nyuzi 24 hadi nyuma kabisa. Naomba ushauri kabla sijatoa malipo ya awali: je, mpango huu unafaa kwa safari ndefu za nje ya miamba, au nabebeshwa mzigo nisiouhitaji?

Nahodha_Mstaafu

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hizo noti 50, kwa sababu ndizo zilizozaa mengine yote katika mpango wako. Kasi hiyo utaiona asubuhi ya matlai, bahari ikiwa imelala, na huenda usiione tena mpaka msimu mwingine wa utulivu. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, nao wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Upepo wa kaskazi unapovuma dhidi yake, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima, hata kama upepo wenyewe si mkali. Katika hali hiyo hakuna boti ya mita 10 itakayokwenda noti 50 na abiria wake wakabaki na migongo mizima. Utashuka hadi noti 18, na siku mbaya hadi 12 au 13, na hapo ndipo hesabu ya mafuta inapobadilika kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Boti ya umbo hili inapoteleza juu ya maji kwa noti 26 hivi, ikiwa na injini mbili na uzito wa tani 5, ikadirie lita 3 kwa kila maili ya baharini. Ukilazimika kuipunguza hadi noti 12, haitelezi tena wala haijatulia majini. Inapanda wimbi lake yenyewe huku pua ikiwa juu, na matumizi yanaweza kufika lita 4 kwa maili. Kwa hiyo kwenda polepole hakukuokolei mafuta, isipokuwa ushuke kabisa hadi noti 6 au 7.

Chukua safari ya Fungu Kizimkazi. Maili 80 kwenda na kurudi kwa lita 3 ni lita 240. Ongeza saa tano za kukokota chambo, lita 20 kwa saa, upate 340. Bahari ikichafuka wakati wa kurudi, maili 40 za mwisho zitakula lita 160 badala ya 120, na jumla inakuwa 380. Kanuni ya zamani ni kutumia theluthi mbili na kubakiza theluthi moja, kwa hiyo unahitaji lita 570. Tangi la lita 500 halitoshi hata kwa injini mbili, na huyo mjenzi anataka ufunge tatu!

Injini ya tatu itakuongezea zaidi ya kilo 250 nyuma kabisa, mahali ambapo boti haitaki uzito, pamoja na propela nyingine ya kukokotwa majini. Funga mbili. Uliza badala yake kama boti iliyojaa mafuta na watu itaweza kurudi kwa injini moja kwa noti 7 bila kuichemsha, na umtake mjenzi akuoneshe hivyo siku ya majaribio.

Fundi_Faiba

Naunga mkono injini mbili, ila kuhusu umbo ningependa kuongeza neno. Nyuzi 24 zina historia yake: mbunifu wa boti Ray Hunt alizitumia katika boti ya futi 31 iliyoitwa Moppie, na mwenye boti Dick Bertram akashinda nayo mashindano ya Miami hadi Nassau mwaka 1960 katika bahari iliyochafuka vibaya. Umbo hilo hukata wimbi vizuri, lakini linapenda kwenda. Ukisimama kupandisha samaki, huyumba upande kwa upande kama mtoto wa bembea, na linahitaji nguvu zaidi ili lipande juu ya maji. Wewe ni mvuvi, nusu ya siku yako itakwisha kwa noti 7 au ukiwa umesimama kabisa. Mwombe nyuzi 21 au 22 nyuma, zikiongezeka kuelekea omo, yaani mbele, na umsisitizie kwamba pua iwe kali na ndefu, kwa kuwa ndiyo inayopokea kishindo cha kwanza.

Sehemu ninayoitilia mkazo zaidi ni tangi na mahali linapokaa. Gawa mafuta katika matangi mawili ya lita 300, kila injini na tangi lake, chujio lake la kutenganisha maji na valvu ya kuvusha mafuta upande wa pili. Mafuta machafu yakiingia tangi moja, hayatazima injini zote mbili. Lita 600 za petroli ni takriban kilo 445, kwa hiyo matangi yakae karibu na kitovu cha uzito wa boti. Yakikaa nyuma, boti itaondoka ikiwa imeinua pua na itarudi ikiwa na tabia nyingine kabisa. Kama ni ya alumini, usikubali yazungushiwe povu la kumimina moja kwa moja, maana povu hushika maji ya chumvi kwenye bati na tangi huliwa kutoka nje bila mtu kuona. Yafungwe juu ya vipande vya mpira mgumu vilivyogundishwa vizuri, hewa ipite, na sitaha iwe na kifuniko kikubwa cha kuweza kuyatoa bila kukata faiba.

Ukuta wa nyuma unaobeba injini usiwe na plaiwudi. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri linatosha kuingiza maji, na ubao huoza ndani huku jelikoti, lile tabaka la nje la faiba, ikiendelea kung'aa. Tumia povu gumu la kazi hiyo. Tabaka za nje za chini ya maji ziwe za resini ya vinailesta, kwani huzuia malengelenge kuliko poliesta ya kawaida.

Kusi_Msasani

Nashukuru sana, wazee wangu. Nimeshaiondoa injini ya tatu katika mpango. Je, lita 600 zitanitosha kwa Mafia? Na kuhusu redio, je, VHF, ile ya kawaida ya boti, pekee inatosha?

Nahodha_Mstaafu

Kwa Mafia hazitoshi. Maili 150 kwa lita 3 ni lita 450 bila kuvua kabisa, nawe utabaki na robo tu. Panga mafuta ya kurudia Kilindoni kabla ya kuondoka Dar, mtu uliyeagana naye awe ameyaweka, na uyachuje yanapomiminwa kutoka kwenye mapipa. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote vinakupinga kwenda, kwa hiyo usihesabu lita 3 kwa safari hiyo, hesabu 4.

VHF haitoshi. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka: antena yako ikiwa mita 3 juu ya maji na ya nchi kavu ikiwa mita 100, mtasikilizana kwa takriban maili 26, nawe Fungu Kizimkazi uko maili 40. Chombo kingine chenye antena kama yako kitakusikia kwa maili 8 hivi. Nunua boya la dharura la megahetsi 406, ambalo ishara yake hupokewa na satelaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji, na ulisajili kwa jina la boti yako. Ukilinunua nje ya nchi, hakikisha limewekewa namba ya Tanzania, la sivyo taarifa itaanzia kwa mamlaka za nchi nyingine. Lifunge mahali litakapoelea lenyewe boti ikizama, si ndani ya kabati lenye kufuli.

Fundi_Faiba

Niongeze moja kuhusu ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya boti. Weka pampu mbili zenye swichi za kujiwasha, moja chini kabisa na nyingine juu kidogo ikiwa na kengele, na kila moja itoke kwenye betri yake. Uwezo ulioandikwa kwenye boksi hupimwa bila bomba refu wala kupanda juu, kwa hiyo nunua kubwa kuliko unavyodhani. Na kabla ya kulipa, mwombe mjenzi akupe kwa maandishi uzito wa boti ikiwa imejaa. Akishindwa kuutaja, tafuta mjenzi mwingine.