Tumelipia kuunganishiwa hifadhi na tovuti, tumepewa tasnifu mia moja na linki zisizofunguka

Assalaam alaykum. Mniwie radhi, leo nimekuja na hasira zangu.

Mie ni mkutubi wa chuo kimoja hapa Unguja, jina naliacha. Tuna hifadhi ya kidijitali inayotumia DSpace, programu ya kutunzia kazi za kitaaluma, tasnifu zaidi ya mia sita, na nyingi tumezipiga skani wenyewe karatasi kwa karatasi, umeme ukikatika tunangoja, ukirudi tunaendelea. Tovuti ya chuo ni mbali, imejengwa kwa programu nyengine, WordPress. Wakubwa wakataka tasnifu zionekane huko kwenye tovuti, maana ndiko watu wanakopita. Akaletwa fundi, yule yule aliyetusimikia DSpace. Akalipwa nusu, siku ya tatu akasema tayari. Tukapiga picha, tukala na sambusa.

Wiki iliyopita kanipigia simu mwalimu wa skuli moja Wete, alisoma kwetu. Anataka kumwonesha mwenzake tasnifu yake, kila akibofya inakataa. Nikamwambia, hebu nisomee hiyo anwani iliyoko juu. Akanisomea taratibu: localhost, nukta mbili, 4000, handle, 123456789, 214.

Yakhe! Localhost maana yake "mashine hii hii". Yaani simu ya mwalimu wa watu iliyoko Wete inaambiwa ijipekue yenyewe itoe tasnifu! Na hiyo 123456789 ni namba ya kujaribia ambayo DSpace huja nayo mpaka usajili ya kwako. Sisi tumeambiwa kila kitu kimesajiliwa.

Nikaingia kwenye hifadhi yenyewe: mbona inafunguka vizuri? Ndipo nilipoelewa. DSpace huandika anwani ndani ya taarifa za kila tasnifu siku ile inapoingizwa. Fundi aliziingiza zote kabla hajaweka anwani halisi ya chuo. Baadaye akairekebisha kwenye mipangilio, kurasa zikafunguka, akaona yamekwisha. Lakini zile taarifa za mwanzo zilibaki na localhost yao, na tovuti inavuta hizo hizo. Mpaka mtu azibadilishe zenyewe, zitakaa hivyo.

Nikasema ngoja nihesabu. Kwenye tovuti zipo mia moja. Si tisini na tisa, si mia na moja. Kwa anayejua OAI-PMH, utaratibu wa mfumo mmoja kuvuta rekodi za mwengine, ambao ndio aliotumia fundi, hapo ameshacheka. DSpace, usipobadilisha kitu, inatoa rekodi mia kwa fungu, na mwisho wa fungu inakupa resumptionToken, kama kikaratasi cha "rudi na hiki nikupe zinazofuata". Unarudi, unapewa nyengine, mpaka ziishe. Huyu kachukua fungu la kwanza, kikaratasi katupa. Umtume mtu gunia la karafuu, akuletee pishi moja akwambie shamba limekwisha!

La kuniumiza zaidi ni dogo. Tuna tasnifu nzuri sana juu ya nyumba za Ng'ambo. Kwenye tovuti imeandikwa "Ng'ambo". Alama yetu ya ng' imegeuzwa msimbo mara mbili njiani, na hakuna aliyeitazama. Mtu akitafuta Ng'ambo haipati. Mji wa watu, huku ng'ambo ya pili ya Darajani, umekuwa hesabu.

Na tasnifu tulizoingiza tangu wakati ule? Hata moja haijatokea. OAI ya DSpace ina faharasa yake, lazima amri ya "dspace oai import" ipigwe kila mara, na kawaida mtu huiweka kwenye kroni, ile ratiba ya serva, ijipige yenyewe usiku. Mstari mmoja! Ningeuandika mwenyewe, lakini nywila ya serva anayo yeye. Nimeiomba mara nne. Ya mwisho kanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Bi mkubwa, hayo mambo ya kitaalamu, usijichoshe."

Nijichoshe na nini, mwanangu? Mimi nimefanya kazi ya ukutubi kabla wewe hujaanza skuli.

Leo asubuhi kaleta ankara. Nusu iliyobaki, na juu yake "awamu ya pili: maboresho ya muunganisho". Ukiisoma, maboresho yenyewe ni linki kufunguka na tasnifu zote kuonekana. Yaani kile kile tulichomlipia.

Jumatatu mhasibu anataka saini yangu. Mimi sitii. Waliopitia haya, nambieni mawili: mliipataje nywila ya serva yenu kutoka kwa fundi asiyetaka kuiachia, na zile localhost za zamani mlizibadilisha kwa njia gani bila kuharibu hifadhidata? Nakala ya akiba ninayo, niliitoa mwenyewe kabla ya ile sambusa.