Familia ya wakulima kutoka Ohio hadi Nebraska, 1850–1870: nawapataje hapo katikati?

Nyayo_za_Wakulima

Habari za humu wakuu. Nafuatilia familia moja ya wakulima wa Marekani. Sensa ya 1850 iko wazi: wapo Ohio, baba miaka 28, mke na mtoto mchanga. Sensa ya 1870 wapo Nebraska, baba miaka 48, watoto sita: wa miaka 20 kazaliwa Ohio, wa 16 Indiana, wa 13, 9 na 5 Iowa, wa mwaka 1 Nebraska. Sensa ya 1860 nimetafuta kwa jina la ukoo Ohio, Indiana na Iowa, sijapata kitu. Jina la baba ni la kawaida mno, kwa hiyo sina hakika hata kama huyu wa Nebraska ndiye yule wa Ohio. Nianzie wapi?

Daftari_la_Sensa

Mkuu, hao watoto wameshakuonyesha njia. Walitoka Ohio kati ya 1850 na 1854, wakaingia Iowa kati ya 1854 na 1857, wakafika Nebraska kati ya 1865 na 1869. Acha nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande, maana umri katika sensa hizo ulitajwa kwa kukisia, na pengine aliyemjibu karani alikuwa jirani.

Sasa usiikimbilie 1860. Iowa ilifanya sensa yake yenyewe mwaka 1856, na karani aliandika kila mtu ameishi Iowa miaka mingapi. Ukiwapata humo utajua mwaka wa kuingia bila kubahatisha, na pia kaunti. Ukishaijua kaunti, soma kurasa za 1860 za kaunti hiyo moja baada ya nyingine kwa macho yako. Usitegemee faharasa ya kompyuta: herufi kubwa L na S za mwandiko ule huchanganywa kila siku. Ukilazimika kutafuta kwa kompyuta, acha jina la ukoo wazi na umtafute mtoto: jina lake la kwanza, miaka 6, kazaliwa Indiana, anaishi Iowa. Watoto wa aina hiyo ni wachache kuliko wanaume wenye jina la baba yake.

Ekari160

Naongezea upande wa ardhi, kwa sababu kwa mkulima ndiko ushahidi mzito uliko. Ohio, nenda kwenye faharasa ya wauzaji wa ardhi ya kaunti aliyokuwamo 1850, umtafute kama muuzaji. Usiishie 1854. Hati nyingi zilisajiliwa miaka mingi baada ya kutiwa saini, na wengine waliuza wakiwa wameshahama. Hao ndio wa thamani zaidi, kwani hati humtaja muuzaji kuwa mkazi wa kaunti fulani, jimbo la Indiana. Angalia pia jina la mke: alitakiwa kuiachia haki yake katika ardhi ya mumewe, kwa hiyo jina lake la kwanza huwa humo.

Iowa, tafuta jina lake katika kumbukumbu za Bureau of Land Management (idara ya ardhi ya serikali kuu ya Marekani), zipo mtandaoni bure. Ila zile huonyesha tu waliopata ardhi moja kwa moja kutoka serikali kuu. Kama alinunua kwa mlanguzi au kampuni ya reli, hutamwona. Rudi kwenye faharasa ya wanunuzi ya kaunti.

Nyayo_za_Wakulima

Asanteni sana. Nimeangalia sasa hivi: jina lake lipo Iowa, ekari 160, hati ya 1857. Lakini juu yake kuna jina la mtu mwingine aliyepigana vita ya 1812. Ni ndugu yake?

Ekari160

Si lazima. Hiyo ni hati ya ardhi aliyopewa askari kwa utumishi wake. Kuanzia 1852 ziliruhusiwa kuuzwa, na wakulima walizinunua kwa wingi kwa bei chini ya dola 1.25 kwa ekari ambayo serikali ilidai. Usimwingize huyo askari kwenye ukoo hadi upate ushahidi mwingine. Tena 1857 ni mwaka wa hati kutolewa. Ardhi yenyewe huenda aliichagua mwaka mmoja au zaidi kabla ya hapo.

Jirani_wa_Kaunti

Swali lako la kwanza, kama ni mtu yule yule, bado halijajibiwa, na jina pekee halitalijibu. Kwanza, andika majina ya kaya kumi juu na kumi chini yake katika 1850, 1856, 1860 na 1870. Wakulima walihama pamoja na shemeji na majirani, kwa hiyo majina mawili matatu yakijirudia una kitu. Pili, jedwali la kilimo la sensa, lipo kuanzia 1850 hadi 1880: linataja ekari zilizolimwa, thamani ya shamba, farasi, ng'ombe, mavuno ya mahindi. Wanaume wawili wa jina moja katika kaunti moja hutenganishwa hapo. Tatu, na hili napenda lisirukwe, mirathi ya baba yake huko Ohio. Warithi waliohama walituma hati ya uwakala ili fungu lao liuzwe, na hati hiyo hutaja makazi yao mapya.

Angalia mipaka pia. Kaunti ziligawanywa mara kwa mara, na kumbukumbu za zamani hubaki kwenye kaunti mama. Maktaba ya Newberry ya Chicago ina ramani za mipaka kwa kila tarehe.

Ekari160

Kwa Nebraska, chunguza kama alichukua ekari 160 chini ya Sheria ya Homestead ya 1862, iliyowapa walowezi ardhi ya serikali. Alipaswa kuishi na kulima miaka mitano, kisha alete mashahidi wawili. Jalada lake lina tarehe ya kuhamia, idadi ya familia, ukubwa wa nyumba na ekari alizolima. Kama alishindwa, jalada lipo vilevile, lakini kwenye orodha ya hati halionekani. Pitia vitabu vya ardhi vinavyoorodhesha maombi yote. Kuagiza jalada kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka unahitaji jimbo, jina la ofisi ya ardhi, namba ya hati, na maelezo ya kiwanja hadi robo ya seksheni (seksheni ni kipande cha maili moja ya mraba).